Fungua Mdomo Nione

Bweni la wafanyakazi, 12 Januari 1986

Kitinda wangu,

Najua kiherehere chako, umeshafungua mfuko kabla ya barua. Haya, safari hii nakusamehe. Umeviona? Chupa nne za vitamini za wajawazito, vidonge vyekundu vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Ndivyo ninavyovifunga mimi kutwa nzima, nimesimama mbele ya mkanda na kofia ya nailoni kichwani. Chupa inakuja, nabana kifuniko, inakwenda, inakuja nyingine. Hata nikifumba macho naziona zinapita. Hizo nne nimezinunua duka la kiwanda, nikamkabidhi dereva wa lori letu, yule mwenye pengo, akufikishie mpaka mlangoni. Nimemwambia ikipotea moja nitamng'oa na meno yaliyobaki.

Sasa nisikilize. Kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana. Vile vya kliniki weka kando, hivi ni bora. Na usimwonyeshe nesi, maana atakwambia uache vyangu umeze vyake, na mimi sikuvuja jasho hapa ili nesi anipangie mambo ya nyumbani kwetu.

Wewe mama humkumbuki. Mimi namkumbuka. Naviona viganja vyake siku aliyokuzaa, vyeupe kama karatasi, na mkunga anasema hana damu, huyu hana damu, na mimi nimekupakata kwenye shuka sijui nikupeleke wapi. Nilikuwa bado nasoma. Tangu siku ile nimekuwa dada na nimekuwa mama, sikuulizwa. Sitaki tena kusikia mtu wa kwetu akiambiwa hana damu.

Msalimie mumeo Fundi. Mwambie nikisikia umebeba sponji za makochi nitakuja huko na yeye atanitambua.

Dada'ko

*

Nyuma ya karakana, 2 Februari 1986

Dada,

Mfuko umefika na pengo limefika. Dereva wako alikataa hata maji mpaka nizihesabu chupa mbele yake. Kumbe vitisho vyako vinasafiri mbali hivyo!

Nimeanza kumeza siku ileile. Fundi amezipanga juu ya kabati kama vikombe vya ushindi, kila mteja anayeingia anaonyeshwa vidonge vya shemeji. Tumbo sasa halifichiki. Jana mzee mmoja aliyeleta kiti kushonewa kitambaa kipya aliniuliza kama nimeiba mto wa kochi. Fundi alicheka mpaka akameza pini, akaitema kwa bahati.

Ila nawashwa, Dada. Mapaja, mgongo, chini ya matiti. Mabaka mekundu yanatoka alasiri, usiku yanapotea, kesho yake yanarudi. Fundi anadai ni gundi yake. Amehamishia madebe yote nje, sasa anapaka gundi juani, majirani wanamwona amechanganyikiwa. Mimi naona kama ni gundi basi imechelewa, maana nimelala nayo tangu aliponioa. Labda ni mtoto. Wewe hukuzaa lakini unajua kila kitu, hebu niambie.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Bweni la wafanyakazi, 19 Februari 1986

Kitinda,

Nimesoma pale ulipoandika kwamba sikuzaa. Sijakasirika, tuendelee.

Kuwashwa ni ngozi inavutika. Nimewauliza wanawake wa zamu yangu, wote wazazi, wamesema hivyohivyo, kila mmoja amejikuna mpaka akachubuka. Jipake mafuta. Na gundi ikae nje hukohuko, Fundi ana akili kuliko nilivyodhani.

Lakini usije ukaniachia vidonge kwa sababu ya kujikuna. Nakujua tangu huna meno. Dawa za minyoo ulikuwa ukizificha chini ya ulimi, ukishatoka nje unazitema nyuma ya tangi la maji, na mimi najisifu kwamba mdogo wangu hana shida kwenye dawa. Safari hii usinifanyie mchezo huo. Humezi kwa ajili yako peke yako.

Na nataka picha. Nenda studio, simama upande, nilione hilo tumbo. Nitaibandika ubavuni mwa kitanda changu, wenzangu bwenini wamechoka kunisikia nikilitaja bila ushahidi.

Dada'ko

*

Nyuma ya karakana, 11 Machi 1986

Mume wangu Fundi,

Natumaini viti vya huo ukumbi vinaisha na wenye ukumbi wanakupa chakula cha maana. Huku karakana nimeifunga kama ulivyosema. Mimi sasa sijambo. Nimeandika "sasa" kwa makusudi, kwa hiyo keti kwanza ndipo usome.

Wiki uliyoondoka nilikula, nikameza kidonge cha Dada, na kabla sijamaliza kuosha vyombo jicho la kushoto likawa limefunga. Mdomo wa juu ukatangulia mbele kama wa bata. Nilijitazama kwenye kioo nikacheka, halafu nikaogopa sana, maana hata kumeza mate kulikuwa kugumu. Jioni ikapungua. Nikakaa siku kadhaa bila kumeza, mabaka yote yakaisha, ngozi ikawa kama ya mtoto. Nikasema labda nasingizia, nikajaribu kimoja tena. Mchana haukupita, nikavimba upya. Fundi, rudisha madebe yako ndani, si gundi. Ni vidonge.

Kliniki nesi aliniuliza kama kuna kitu kingine ninachotumia. Nikasema hakuna. Nimerudi kwenye vile vyao na havijanifanya chochote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mtoto.

Dada simwambii. Najua umekunja uso, ukunjue. Yule amesimama kwenye mkanda kutwa ili vile vidonge vinifikie. Kwake si vidonge, ni kama anamrudisha mama yetu. Nimwandikie nini? Kwamba mkono wake ndio unaonivimbisha? Nikishajifungua salama nitamwambia, tutacheka. Kwa sasa kila siku natoa kimoja nakisukuma ndani ya ule mto wa kochi la kijani ambalo mwenyewe hakulirudia, ili dereva akipita aone chupa zinapungua.

Tatizo ni picha. Nilikuwa nimeshamlipa mpiga picha, nikaenda hivyohivyo, jicho halijafunguka sawasawa. Dada anaisubiri na nyingine siwezi kupiga mwezi huu. Nitamwambia nilijigonga mlango. Usinicheke, najua chumba chetu hakina mlango. Yeye hajui, hajawahi kufika.

Rudi mapema. Mto wako naulalia mimi.

Mama Kijacho

*

Nyuma ya karakana, 14 Machi 1986

Dada mpenzi,

Picha hiyo hapo, utazame tumbo tu. Jicho achana nalo, nilijigonga mlango, unajua nilivyo sitazami mbele. Limeshapona.

Vidonge nameza. Chupa ya pili imefika nusu. Kuwashwa kumekwisha kabisa, ulisema kweli.

Sina habari nyingine. Fundi hajambo.

Kitinda

*

Bweni la wafanyakazi, 30 Machi 1986

Kitinda,

Picha nimeitazama dirishani, nimeitazama chini ya taa, nimeitazama kwa miwani ya mwenzangu. Jicho limevimba na mdomo umevimba. Mlango gani huo unaopiga jicho ukarudi kupiga mdomo?

Unamwambia nani habari za mlango? Miaka yote niliyokuwa mke wa mtu mimi nilikuwa najigonga mlango. Nilijigonga mlango, nikateleza bafuni, nikaangukiwa na ndoo. Watu wakisikia wanatikisa kichwa na mimi nacheka nao. Mara ya mwisho nilijigonga nina mimba ya miezi minne. Ndiyo sababu umeweza kuniandikia kwamba sikuzaa. Hukujua. Ulikuwa shuleni, ukaambiwa dada ana malaria.

Barua zako zote huwa ndefu, unanichekesha mpaka wenzangu wanauliza kuna nini. Hii ya juzi ina mistari ya kuhesabika, na mwisho "Fundi hajambo". Nami nilikuwa naandika hivyo. Huyo bwana hajambo, huyo bwana anawasalimu.

Niambie ukweli. Sitakulaumu na sitamwambia mtu. Nataka neno moja tu.

Dada'ko

*

Nyuma ya karakana, 12 Aprili 1986

Dada yangu,

Sikujua habari za mimba yako. Nimelia tangu jana, na ningejua nisingeandika neno lile hata kwa mzaha. Nisamehe. Sasa naelewa vidonge ni nini kwako.

Lakini Fundi hajanigusa. Nakuapia kwa kaburi la mama. Siku ile hakuwepo hata nyumbani, alikuwa safarini anatengeneza viti vya ukumbi. Ni mtu ambaye akiua mende anamwomba radhi. Uliza mtu yeyote mtaani.

Kuna jambo, sikatai. Fundi amerudi na ananishikilia nikuandikie, tumegombana kwa ajili hiyo. Nimekataa. Si la kuandika, nitakueleza tukionana uso kwa uso, mtoto akiwa amezaliwa. Nakuomba uvumilie mpaka hapo na usimchukie mume wangu. Mimi ndiye mwenye makosa.

Kitinda

*

Bweni la wafanyakazi, 22 Aprili 1986

Shikamoo Shangazi,

Sina mtu mwingine wa kumkimbilia. Baba angekuwa hai ningemwandikia yeye, lakini wewe ni dada yake na ndiye uliyebaki.

Mume wa Kitinda anampiga. Nimeona kwa macho yangu kwenye picha, jicho na mdomo vimevimba, na yeye anasema alijigonga mlango. Nimembana, anajibu kwamba bwana hakuwepo, kwamba ni mpole, kwamba wamegombana juu ya kitu asichoweza kuandika, kwamba mwenye makosa ni yeye. Shangazi, umelea mabinti wa bweni maisha yako yote. Msichana akisema mwenye makosa ni yeye, wewe unaelewa nini?

Ruhusa kiwandani hawanipi kabla ya Juni. Nenda ukamtoe. Akae kwako mpaka ajifungue. Mume akija asipite getini. Na nakuomba sana usimamie vidonge vyangu, vyekundu. Ukoo wetu una shida ya damu, wewe ndiye uliyemwosha mama. Kitinda ni bingwa wa kuficha dawa chini ya ulimi, hilo nadhani unalifahamu.

Mwanao

*

Nyumbani, 4 Mei 1986

Mwanangu,

Marahaba. Kazi uliyonituma imekwisha. Kitinda yuko kwangu, amelala chumba cha uani, kitanda karibu na dirisha.

Nilipofika nilitafuta kwanza huo mlango. Haupo. Kutoka karakana kuingia wanakolala wametundika pazia la vipande vya vitambaa vya makochi. Nikasema haya, mtoto huyu amejigonga pazia. Sikuuliza zaidi. Nikamwambia fungasha, akalia, akasema Shangazi hujui, nikamwambia nimekuwa matroni kabla hujazaliwa, ninayoyajua yananitosha.

Siku ya pili mumewe akaja getini. Sikumfungulia. Akasema jicho lilivimba kwa sababu ya vidonge. Mwanangu, nimesikia visingizio vya wanaume, lakini wa kuniambia vitamini ndizo zilizompiga mkewe sijampata mpaka huyu. Akasema anao ushahidi, akapasua mto wa kochi palepale barabarani, vidonge vikamwagika chini kama mahindi. Vidonge vyako, ulivyomtumia mtoto! Kumbe mume na mke walikuwa wanavishindilia kwenye sponji miezi yote hii. Nilimfukuza kwa ufagio. Kisha nikainama nikaviokota vyote, nikavipangusa, nikavirudisha kwenye chupa.

Kwangu hakuna ulimi wa kufichia kitu. Baada ya chakula cha mchana anasimama mbele yangu, anameza, anakunywa maji, namwambia fungua mdomo nione, inua ulimi, haya nenda. Ndivyo nilivyowamezesha mabinti mia dawa za malaria na hakuna aliyenishinda. Tulianza juzi. Ametoka vipele kidogo na uso umejaa, ni kulia, usiku halali, anamlilia huyo mume. Yatapita.

Usiwe na wasiwasi.

Shangazi yako

*

Kwa Shangazi, 9 Mei 1986

Dada,

Shangazi ameniruhusu nikuandikie wewe, Fundi hapana. Amesema ataitia posta mwenyewe, na hasomi barua za watu, hilo namwamini. Itakufikia lini sijui. Nakuomba ukiipata usimalize hata kusoma, nenda posta umpigie simu mkuu wa shule pale jirani amwite Shangazi, umwambie aache.

Ni vidonge, Dada. Tangu ile Februari. Ndivyo vilivyokuwa vinaniwasha, ndivyo vilivyofunga jicho langu. Niliacha nikapona, nikajaribu nikavimba, nikaacha kabisa. Mlango niliutunga mimi ili usijue, kwa sababu nilikuonea huruma. Nilifikiri nakutunzia moyo. Sikujua kwamba ule uongo ulikuwa wako kabla haujawa wangu.

Shangazi nimemwambia yote hayo. Anasema ni maneno ya mtu anayetaka kurudi kwa mumewe. Nimemwonyesha mgongo, anasema ni joto. Nilimwomba tukamwulize nesi, akasema nesi ni mtoto aliyemlea yeye bwenini. Nimejaribu kuficha chini ya ulimi, akanishika taya kwa vidole viwili. Hana ukatili, Dada. Usiku anakuja kunifunika. Anaamini ananiokoa, kama unavyoamini wewe.

Leo nimemeza tena. Midomo imekuwa mizito ninapoandika hapa na kuna kitu kimekaa kooni kama nimekula bila maji. Kila siku kinakuwa kikubwa kuliko jana. Mtoto anacheza, namsikia. Sitaki afike kesho kutwa na sisi bado tunabishana.

Niamini mara hii moja.

Kitinda

*

Bweni la wafanyakazi, 15 Mei 1986

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ya tarehe nne imefika leo, nimelia kwa furaha mbele ya watu. Mungu akupe maisha marefu. Nilijua wewe hutayumbishwa.

Lile la mto wa kochi limenichoma. Nimekaa nikiwaza alivyokuwa ananiandikia kwamba nameza, nameza, na kumbe mtoto ananyimwa. Miezi yote hiyo imepotea. Sasa tufidie, Shangazi. Mpe viwili kwa siku, kimoja mchana, kimoja jioni. Akinuna mwache anune, atanishukuru akimpakata mwanawe.

Nimeshona vifulana viwili, dereva atavileta. Mwambie Kitinda sijamkasirikia.

Mwanao

*

Karakana, 27 Mei 1986

Shemeji,

Mimi si mtu wa kuandika. Kitinda bado hawezi kukaa kitako muda mrefu, na Shangazi anashika kalamu anaiweka chini.

Tarehe kumi, baada ya chakula cha mchana, Kitinda alimeza mbele ya Shangazi, akafungua mdomo akaonyesha. Akatoka kwenda uani. Shangazi aliposikia kishindo akamkuta ameanguka karibu na kamba ya nguo, uso umevimba wote, pumzi inapiga filimbi. Alimbeba mgongoni. Yule mama, na umri wake, alimbeba mpaka barabara kuu hana viatu, akasimamisha gari kwa kujiweka katikati ya njia. Hospitali wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni, akarudi. Mtoto hakurudi. Alitolewa siku iliyofuata. Alikuwa wa kiume, miezi saba, amekamilika kila kitu.

Daktari alisema ni aleji. Alisema vidonge vyenyewe si vibovu, vimesaidia wengi, ila ndani yake kuna kitu ambacho mwili wa mke wangu haukitaki, huenda ni ile rangi ya ganda la nje. Mwili ukikataa ukaendelea kulazimishwa, ipo siku unakataa kwa nguvu zake zote. Alisema nesi angeambiwa tangu mwanzo angeangalia na kubadilisha, ni jambo la siku moja. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi anasikiliza. Akasema, "Alifungua mdomo. Nilimwambia fungua, akafungua." Aliyarudia maneno hayo kwa kila nesi aliyepita.

Mtoto nilimzika mwenyewe na jirani zangu. Kitanda nilichokuwa nimemtengenezea nimekibandua kitambaa, mbao nimeziweka.

Barua yako ya kusema viwili kwa siku ilifika kwa Shangazi siku niliyokwenda kuchukua nguo za mke wangu. Alinipa nisome. Nikaitia motoni, Kitinda hajaiona na hataiona. Hilo nimelifanya kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Sijawahi kumpiga mdogo wako. Nimeliandika hili mara moja, sitalirudia.

Fundi

*

Bweni la wafanyakazi, 8 Juni 1986

Kitinda,

Barua yako ya tarehe tisa ilinifikia tarehe ishirini na mbili. Nilifanya ulivyosema, sikumaliza kusoma. Nilikimbia posta na kofia ya kazi kichwani. Simu ilipokelewa na mkuu wa shule. Akasema pole, nadhani umesikia. Nikasema sijasikia. Akaniuliza kama kuna mtu karibu yangu, na mimi nikajua.

Sina cha kujitetea. Uliniambia hakukupiga, sikukuamini. Uliniapia kwa kaburi la mama, nikasema ndivyo tunavyoapa sisi tunaopigwa. Nilikuwa najitazama mimi, wewe sikukuona. Nimemwandikia Fundi barua tano, zote nimezichana, hakuna neno linalotosha. Mwambie naomba radhi, akikataa nitaelewa.

Bado nasimama kwenye mkanda. Sijui kazi nyingine. Chupa zinapita na wenzangu wanaongea, wanasema hivi ni vizuri, hivi vimemsaidia fulani, na najua ni kweli, na chupa zinanipita bila vifuniko mpaka msimamizi amenihamishia kwenye maboksi.

Ruhusa nimepata. Nataka kuja. Nilikuwa nimekununulia shuka, mafuta ya mgongo, maziwa ya kopo, na daktari wa kiwanda ameniandikia jina la dawa ya kuongeza damu isiyo na rangi. Niambie nikuletee nini. Niambie pia kama hutaki kuniona, nitakaa nilipo.

Dada'ko

*

Nyuma ya karakana, 21 Juni 1986

Dada,

Nimechukua muda kukujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika matusi. Leo yameisha, au yamechoka.

Nimekukasirikia. Naandika wazi ili usije ukasikia kwa mtu mwingine. Nimekukasirikia wewe na Shangazi, halafu nikilala najikasirikia mimi zaidi, maana mimi nilijua tangu Machi. Niliogopa kukuumiza nikamficha nesi, nikakuficha wewe, nikamziba mdomo Fundi. Nilikutanguliza wewe, mwanangu nikamweka nyuma. Maziwa yalikuja siku ya tatu, Dada. Hakuna aliyeniambia kwamba yanakuja hata kama mtoto hayupo.

Shangazi anafika kila Jumapili. Anakaa kwenye kiti cha wateja, kisha anaondoka. Juzi nilimpa chai, akashika kikombe kwa mikono miwili akaniambia, "Wewe kunywa kwanza, nikuone." Kisha akaficha uso. Nilimshika bega.

Fundi nimempa ujumbe wako. Aliusikiliza akarudi kwenye kazi yake. Lakini jana alikuwa anapima mbao za kile kitanda, nikamuuliza anatengeneza nini, akasema benchi la mgeni.

Kwa hiyo njoo. Usilete shuka, usilete mafuta, usilete maziwa, na hiyo karatasi ya daktari wa kiwanda iache hukohuko. Nina daktari wangu na nameza anachonipa. Mwambie dereva mwenye pengo kwamba akileta mfuko nitamrudisha nao. Miaka yote hii umekuwa ukinitumia vitu, kwetu hujawahi kukanyaga. Njoo wewe, mikono mitupu.

Ukifika karakana pita katikati ya makochi, usiite. Mlango hatuna, kama alivyokwambia Shangazi. Utasukuma pazia tu, uingie.

Kitinda